Mwaguzi wako anaona mno: kurudisha taharuki kwenye filamu ya maono

Swali la msomaji: "Naandika mswada wa filamu ya kusisimua yenye mambo ya maono. Mhusika mkuu ni mjane anayeagulia watu katika mji mdogo. Msichana anapotea, mjane anaota mahali alipo, polisi wanafuata maelezo yake na kuupata mwili, kisha msako wa muuaji unaanza. Mswada una kurasa 96. Wote walioupitia wananiambia jambo moja: mwili ukishapatikana hamu inawaisha, maana 'si huyo mama atamwona tu muuaji?' Nirekebishe wapi? Na hayo maono nitayapigaje picha bila pesa za madoido ya kompyuta?"

Waliokusomea wamekusaidia sana, maana wamekuonyesha mahali penyewe panapovuja. Swali lao ni la haki, na kila filamu ya aina hii inatakiwa iwe imelijibu kabla mtazamaji hajaliuliza. Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja kwenye skrini. Ikiwa mwili unapatikana karibu na ukurasa wa 35, mtazamaji amebakiwa na saa nzima ya kumsubiri mama huyu afumbe macho mara moja zaidi. Hata umuongezee vitisho, mvua na milango inayolia, saa hiyo itabaki ndefu.

Waandishi wengi wakifika hapo hukimbilia kumpunguzia mwaguzi uwezo. Maono yanatiwa ukungu, sura ya muuaji inafunikwa na kivuli, au kipaji kinagoma siku ile kinapohitajika zaidi. Mtazamaji huunusa ujanja huo upesi. Akiona sura imefichwa bila sababu iliyomo ndani ya hadithi, anajua aliyeificha ni mwandishi, na kuanzia hapo hamwamini tena. Fanya kinyume chake: acha maono yawe ya kweli yote, yaonekane wazi, halafu yampoteze. Taharuki ya filamu ya mwaguzi hukaa mahali pawili tu, kati ya kuona na kuelewa, na kati ya kuelewa na kuaminiwa. Mswada wako kwa sasa umepaziba pote pawili.

Tazama The Gift, filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Sam Raimi, ambayo bila shaka umeiona kwa sababu hadithi yako ni jirani yake. Cate Blanchett anaigiza mjane mwenye watoto watatu katika mji mdogo wa Georgia, Marekani. Maono yake yanawapeleka polisi kwenye maiti, mtu anashtakiwa na kutiwa hatiani, na bado hadithi haijaisha, kwa sababu mwaguzi mwenyewe anaanza kuona kwamba aliyefungwa siye. Mwili kupatikana pale ni mwanzo wa kosa. Mfano mkali zaidi ni Don't Look Now ya mwaka 1973, kazi ya mwongozaji Nicolas Roeg. Mume yuko Venice na anaamini mkewe amekwisha kusafiri, kisha anamwona akipita kwenye boti amevaa nguo nyeusi. Alichokiona ni kweli tupu. Kosa lake ni kudhani kinatokea siku ile, kumbe ni mazishi yake mwenyewe yajayo. Hakuna ukungu, hakuna kivuli, na bado yale maono yanamwangamiza.

Sasa tuingie kazini. Kabla hujagusa sini yoyote, andika nusu ukurasa wa sheria za kipaji cha huyu mama. Karatasi hiyo haitasomwa na mtazamaji, ila kila sini itaitii. Jibu mambo manne. Kwanza, kipaji kinaamshwa na nini: kugusa kitu cha mtu, kufika mahali, au usingizi? Chagua kimoja. Akiota, akigusa na akifika mahali vyote vikafanya kazi, umefungua milango mitatu na hutaweza kuilinda yote. Kwa hadithi yako ningeacha ndoto na kuchukua kugusa, kwa kuwa ndoto humjia mtu amelala, hali kugusa ni uamuzi. Mama anaweza kukataa kugusa, anaweza kulazimishwa, anaweza kugusa kitu kwa bahati mbaya mbele ya watu. Pili, anayaona ya wakati gani: yaliyopita, yajayo, au yote bila alama ya kuyatofautisha? Tatu, anaona kwa macho ya nani? Nne, anatozwa nini kila anapoona?

Swali la tatu ndilo lenye utajiri kuliko yote, na ndilo linaloachwa na waandishi wengi. Amua kwamba anaona kwa macho ya marehemu, yale tu aliyoyaona marehemu. Hapo hapo umepata kizuizi cha haki. Ikiwa msichana alipigwa kutoka nyuma, hakumwona aliyempiga, basi mwaguzi naye hamwoni. Ikiwa taa ilizimwa, hata yeye yuko gizani. Ikiwa msichana alikuwa anamtazama mtu mwingine kwa hofu sekunde ile, mwaguzi atamwona huyo mwingine na atamdhania ndiye. Swali la "si atamwona tu muuaji?" limepata jibu bila kivuli cha kubuni.

Nikuonyeshe jinsi maono ya kweli yanavyoweza kumfunga mtu asiye na hatia. Tuseme msichana aliuawa ndani ya ofisi ya kiwanda cha mbao, usiku, amesimama akitazama dirisha. Ndani taa inawaka, nje ni giza, kwa hiyo kioo cha dirisha kimekuwa kama kioo cha kujitazamia. Kitu cha mwisho alichokiona ni taswira ndani ya kioo hicho: mwanamume nyuma yake, taa iko mgongoni mwa mtu huyo kwa hiyo uso ni mweusi, mkono umeinua mnyororo, na ukutani kuna saa. Mwaguzi anaona hayo hayo bila kujua kwamba anatazama kioo. Kwake ni mwanamume aliyesimama mbele yake, mnyororo uko mkono wa kushoto, na saa inaonyesha saa nne kasoro dakika kumi usiku.

Mjini kuna mtu wa mkono wa shoto, mlevi, mpiga mkewe, na saa nne usiku ile hana wa kumtolea ushahidi alikuwa wapi. Msichana alionekana mara ya mwisho saa tatu usiku. Kila kitu kinashikana. Watazamaji wanamchukia, polisi wanamchukia, na mwaguzi ana sababu zake binafsi za kumwogopa. Anafungwa.

Lakini ndani ya kioo, kushoto na kulia hubadilishana, na uso wa saa hugeuka. Saa inayosomeka saa nne kasoro dakika kumi kwenye kioo kwa kweli ni saa nane na dakika kumi. Na mnyororo ulikuwa mkono wa kulia. Yule mlevi saa nane usiku alikuwa mahabusu. Polisi walimkamata saa sita kwa fujo ya ulevi wakamwachia asubuhi, na jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu chao cha kituoni tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyelijali, kwa kuwa wote waliamini mauaji yalitokea saa nne. Muuaji halisi naye saa nne alikuwa mbele ya mji mzima, kwenye mkutano au harusi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza lolote. Kisha linazuka swali jipya la kubeba sehemu ya mwisho ya filamu: kutoka saa tatu mpaka saa nane, kwa saa tano nzima, msichana alikuwa wapi na kwa nani?

Mambo mawili yatakuangusha hapo usipoyachunga. La kwanza, saa ya ukutani isiwe na namba, iwe na vijistari tu, la sivyo namba zilizogeuka zitafichua siri sekunde ile ile. La pili, siri lazima iwe imewekwa hadharani tangu mwanzo. Mshale wa sekunde unarudi nyuma, na mtazamaji atadhani ni uajabu wa maono. Mfuko wa shati la mwanamume, ambao kwa kawaida hushonwa upande wa moyo, unaonekana upande wa pili. Kukamatwa kwa mlevi kuonyeshwe mapema, tuseme ukurasa wa 18, kama tukio dogo la kupita linaloeleza tabia yake. Anayeitazama filamu mara ya pili aone kwamba hakudanganywa hata mara moja.

Mwaguzi agundue haya kwa macho yake ya kawaida, siyo kwa maono mengine. Weka ugunduzi karibu na ukurasa wa 70. Anachana nywele za mwanawe mbele ya kioo, nyuma yao kuna saa, mtoto anasoma saa ndani ya kioo na kukosea. Inatosha. Ukimpa maono mapya ya kumsahihisha, umerudi kule kule ulikotoka.

Baada ya hapo pitia kila ono kwenye mswada na uliandikie kadi yake. Upande mmoja andika mtazamaji alikuwa anajiuliza nini kabla, upande wa pili anajiuliza nini baada. Ono linalofunga swali bila kufungua jingine ni bovu, hata kama picha zake ni nzuri kiasi gani. Kwa filamu ya dakika 95, maono matano hadi saba yanatosha. La kwanza liwe fupi sana, sekunde 4 hadi 6, juu ya jambo dogo lisilohusu mauaji, kusudi tujifunze sheria kabla hazijaanza kuuma. Lile kubwa la kioo lionekane mara tatu katika filamu, na kila mara liongezeke kitu kimoja tu: kwanza mnyororo na mkono, kisha saa, mwishoni ukingo wa mbao za dirisha unaotuambia kuwa pale palikuwa na kioo. Kurudia huku hakumchoshi mtazamaji, mradi kila mara kuna kipya cha kutafuta.

Kuhusu mji wenyewe sitasema mengi, ila usiuache uwe mandhari tu. Mji mdogo unatisha kwa sababu kila mtu anavaa kofia mbili au tatu. Andika majina ya wahusika wako wote, wanane hadi kumi wanatosha, na kila mmoja mpe uhusiano na wengine wasiopungua wawili, mmoja wa wazi na mmoja wa siri. Mwendesha mashtaka awe aliwahi kuwa na uhusiano na marehemu. Mke wa mlevi awe mteja wa mwaguzi. Mwalimu wa watoto wa mwaguzi awe mchumba wa marehemu. Wakijibana hivyo, mwaguzi hawezi kusema neno moja kituoni bila kumuumiza mtu anayekutana naye kesho yake asubuhi.

Na hapa ndipo sini za kuagua zinapokuwa na thamani. Miswada mingi huziandika kama maonyesho ya uwezo: mteja anakaa, mama anataja jina la marehemu babu yake, mteja analia. Ukiziandika hivyo zote zitafanana. Kumbuka kuwa wateja wengi wa mwaguzi wanatafuta mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, na huyu mama anajua siri za nusu ya mji kwa sababu aliambiwa, siyo kwa sababu alioneshwa. Siri alizoambiwa zinamfunga mdomo kuliko maono. Anajua mke wa mlevi anapigwa, na ameapa kutosema. Mtazamaji anajua kuwa kiapo hicho kitavunjika, hajui lini.

Mpe pia uagulizi wa kawaida, usio na maono ndani yake, ili tuone tofauti. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia akawaambia kila mmoja ameandikiwa yake. Walipoombwa kuyapima usahihi kwa alama 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Maelezo yalikuwa yale yale kwa wote. Hiyo ndiyo lugha ya uagulizi wa kila siku: "Kuna nyakati unajionyesha jasiri, lakini ndani una wasiwasi." Kila mtu hujiona humo. Andika sini ambayo mama anatumia maneno ya namna hiyo kwa upole kumtuliza mteja, kisha kwa bahati mbaya anashika kitambaa cha mteja huyo, anakatika katikati ya sentensi, na anachokisema baada ya hapo kinamfaa mtu mmoja tu duniani. Hutahitaji kumweleza mtazamaji kuwa sasa ni kweli.

Kama unataka mhusika asiyeamini amjaribu, tumia karata za Zener, zilizobuniwa miaka ya 1930 katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na Karl Zener akishirikiana na J. B. Rhine. Pakiti ina karata 25 zenye alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, kila alama karata tano. Anayebahatisha hupata wastani wa 5. Hesabu ijue vizuri kabla hujaandika mazungumzo. Kupata 8 au zaidi ni jambo ambalo mtu mmoja kati ya kumi hivi atalifanya kwa bahati tu. Kupata 10 au zaidi, kwa watu 100 wanaobahatisha, atatokea mmoja au wawili. Kwa hiyo mama akipata 8 na daktari wa mji akashtuka, mtazamaji anayejua hesabu atakucheka. Akipata 8, daktari atabasamu na kukunja karata zake. Na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu kipaji cha huyu mama kinaamshwa na kugusa vitu vya watu, na karata mpya hazijawahi kuwa za mtu. Atashindwa jaribio, na sisi tutajua kwa nini ameshindwa.

Mahakamani uwe mwangalifu zaidi. Shahidi kwa kawaida hutakiwa kueleza aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe kwa milango yake ya fahamu, kwa hiyo maono yanaweza kuwafikisha polisi kwenye mwili lakini hayawezi kuibeba kesi. Filamu nyingi huharibika hapa, mtu anafungwa kwa sababu mwaguzi alisema. Mpe mwendesha mashtaka vithibitisho vitatu vya kawaida dhidi ya mlevi: mwili ulikutwa kwenye eneo lake, alishuhudiwa akigombana na marehemu, na alidanganya polisi kuhusu mahali alipokuwa. Vyote vitatu viwe na maelezo mengine yasiyo ya mauaji, na maelezo hayo yawepo tayari ndani ya sini za nyuma. Wakili wa utetezi atakapomhoji mwaguzi, asimtukane. Amuulize maswali mafupi yenye jibu la ndiyo au hapana: umewahi kukosea? Mumeo alipokufa, uliona kabla? Swali hilo la pili likiulizwa kwa sauti ya chini litamvunja mama kuliko kelele yoyote, na litatuonyesha gharama ya kipaji chake bila hotuba.

Tuje kwenye kupiga picha. Kukosa pesa za madoido hakutakuumiza. Maono yenye moshi wa rangi, mng'ao na sura zinazoyeyuka humwambia mtazamaji kwamba hapa hakuna hatari, ni ndoto. Yapige picha kama vitu halisi, kisha badilisha kipimo kimoja tu cha kiufundi, na kipimo hicho kitumike kwenye maono peke yake.

Ningekushauri ubadilishe shata, yaani kile kinachoamua kila fremu ipate mwanga kwa muda gani. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde na shata ya nyuzi 180, yaani kila fremu inapata mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Kwenye maono ishushe hadi nyuzi 45, sawa na 1/192. Mwendo unakuwa mkavu na wenye kukatika katika, kila tone la maji linaonekana peke yake, na mtazamaji anahisi kuna kitu kimebadilika bila kuweza kukitaja. Mwanga unaoingia unashuka hadi robo, kwa hiyo ongeza taa au fungua lenzi zaidi. Shida itakayokukuta ni taa za majumbani. Umeme wa hezi 50 huzifanya nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Macho hayaoni, lakini shata ya kasi inaona, na utakuta mistari ya giza ikipanda kwenye picha. Piga dakika moja ya majaribio kwa kila taa siku moja kabla. Ikipepesa, tumia taa za betri zilizojaribiwa au mwanga wa jua unaopitia dirishani.

Lile ono la kioo usilipige kwenye kioo cha kweli. Kamera yako itaonekana ndani yake, na kuificha kutakula nusu siku. Piga moja kwa moja: mwigizaji amesimama akiitazama kamera, mnyororo mkono wa kulia, saa ya ukutani imewekwa saa nane na dakika kumi. Kisha kwenye uhariri ipindue picha, kushoto kuwa kulia. Mkono unahama, saa inasomeka saa nne kasoro dakika kumi, mshale wa sekunde unarudi nyuma wenyewe, na mfuko wa shati unahamia upande mwingine. Hukulipa chochote. Hakikisha hakuna maandishi yoyote ndani ya fremu, hata nembo kwenye kofia au kalenda ukutani. Na mwachie mhariri maelezo ya maandishi kwamba shoti hiyo imepinduliwa kwa makusudi, kwa sababu mhariri mwenye bidii akiona saa inarudi nyuma ataisahihisha akidhani ni kosa. Utagundua hilo siku ya maonyesho.

Kuingia kwenye maono kusiwe kwa mwako mweupe. Mpige mama akiwa mezani, kamera igeuke polepole upande wake wa kushoto, na pale palipokuwa na ukuta wa jikoni pawe na ofisi ya kiwanda. Unaunganisha shoti mbili kwenye kitu cheusi kinachopita karibu na lenzi, kama ukingo wa mlango. Kasi ya kugeuza iwe ile ile pande zote mbili, kwa hiyo hesabu sekunde kwa sauti wakati wa kupiga.

Sini za usiku wa nje zinaweza kupigwa mchana ukizijua kanuni zake. Jua liwe nyuma ya waigizaji, mbingu isionekane kabisa, punguza mwanga stopu mbili (yaani hadi robo), na weka mizani ya rangi kwenye kelvini 3200 ili mchana ugeuke samawati. Kinachoharibu ni vivuli vifupi vya saa sita mchana na maji yanayoakisi anga. Piga asubuhi au alasiri.

Sauti inafanya kazi kubwa kuliko picha, tena kwa bei ndogo. Kila mahali unapopiga, wanyamazishe wote na urekodi sekunde 60 za ukimya wa mahali pale. Sekunde moja na nusu kabla ya ono, uondoe ukimya huo polepole hadi karibu na sifuri. Usifike sifuri kabisa, mtazamaji atadhani spika imekufa. Kisha ulete mnyororo: sauti yake itangulie picha kwa sekunde mbili hivi, sisi bado tunamtazama mama. Irekodi kwa mnyororo wa kweli, maikrofoni ikiwa sentimita 30 kutoka kwake, ndani ya chumba chenye mablanketi ukutani. Usitegemee mngurumo wa chini ya hezi 60 kutia hofu. Wengi wataitazama filamu kwa simu, na spika ya simu haiutoi. Weka uzito wa hofu kwenye sauti za juu zaidi ya hapo, halafu isikilize kazi yako kwa simu kabla hujaikubali. Mishtuko ya ghafla iwe miwili, mitatu ikizidi sana. Kila mshtuko unamaliza taharuki iliyojengwa, na itakubidi uanze kuijenga upya.

Kwa mwigizaji, mpige marufuku kugeuza macho, kutetemeka na kupumua kwa kelele. Mpe kazi ya mikono kabla ya ono: anamenya viazi, anashona kifungo. Ono likimshika, mikono isimame na pumzi izuiliwe sekunde nne. Likimwachia, arudi kwenye kazi ile ile lakini aifanye vibaya: anashona kifungo upande usio wake, na hajui. Kamera ikae kwenye vidole. Gharama uliyoiandika kwenye nusu ukurasa wako ionekane hapo, na iongezeke. Mara ya kwanza anasahau alichokuwa akisema, mara ya nne anasahau kumchukua mtoto shuleni. Kipaji kikianza kuwagusa watoto wake, kila anaponyoosha mkono kushika kitu mtazamaji atataka kumzuia.

Ukianza kurekebisha, usianzie ukurasa wa kwanza. Andika sheria, kisha ono la kioo, kisha ugunduzi wa ukurasa wa 70, na ndipo urudi nyuma kupanda vidokezo vinavyohitajika. Ukimaliza, tafuta wasomaji watatu wapya, wape kurasa 60 za mwanzo tu, na waulize ni nani aliyeua na kwa nini wanadhani hivyo. Wote wakimtaja muuaji halisi, kidokezo kimojawapo kinapiga kelele, nacho mara nyingi ni mazungumzo, kwa hiyo kifute kikae kwenye picha peke yake. Wakimtaja wote mlevi bila shaka yoyote, umeuficha ukweli mno na ugunduzi utaonekana umeshushwa kutoka juu, basi ongeza sini moja inayomwonyesha mlevi akiwa na utu. Ukiwasikia wakibishana kuhusu ile saa, usiguse kitu.